Onyo kwa terminali zote: programu inaganda katikati

fundi_himbi (Goma): Wakubwa, jambo. Seva yetu ni Debian 12, watu wanaingia kwa mbali kwa SSH. Umeme ukikatika tunabaki na betri ya dakika chache tu, kwa hiyo nataka kila mtu apate onyo ahifadhi kazi yake. Nimeandika programu ya C: inasoma utmp (orodha ya walioingia) kwa getutxent(), inaunganisha "/dev/" na ut_line (jina la terminali ya mtu), inafanya open() kisha write(). Inaendeshwa na root (msimamizi mkuu). Siku nyingine inafikia watu wawili watatu, halafu inaganda, waliobaki hawaoni kitu. Shida ni nini?

kadutu_C (Bukavu): Kuna mtu amebonyeza Ctrl-S. Terminali yake imesimamishwa, na write() yako inangoja hadi abonyeze Ctrl-Q. Akienda kula, mnangoja wote. Hata SSH iliyokatika bila kufungwa italeta hayo hayo bafa (hifadhi ya muda ya data) ikijaa.

Fungua hivi:

open(njia, O_WRONLY | O_NOCTTY | O_NONBLOCK)

O_NONBLOCK maana yake usingoje: sasa write() itarudisha -1 na errno (namba ya kosa) itakuwa EAGAIN, yaani jaribu tena baadaye. Mruke huyo, endelea na wengine, mrudie mwishoni. Angalia pia idadi ya baiti iliyorudishwa, maana inaweza kuandika nusu ya ujumbe tu.

kamalondo (Lubumbashi): Sawa kabisa. Niongeze: chukua tu rekodi za utmp zenye ut_type == USER_PROCESS (mtu aliyeingia), na ut_line ikianza na ":" iache, hiyo ni ya skrini ya picha, si faili ndani ya /dev. Tena ut_line ni herufi 32 zisizo lazima kuishia na sifuri. Ukitumia strcpy(), inayonakili hadi ikute sifuri, unajitafutia balaa.

Maliza kila mstari na "\r\n", si "\n" peke yake. La sivyo, aliye ndani ya vim (kihariri cha maandishi) ataona maandishi yakishuka kama ngazi.

fundi_himbi: Asanteni. Na aliyeweka mesg n (amri ya kukataa ujumbe wa wengine)? Halafu faili la mwenye vim haliharibiki?

kadutu_C: mesg n inaondoa tu ruhusa ya kundi la tty kuandika (0620 inakuwa 0600). Root hazuiliwi, ila programu ya mtumiaji wa kawaida ingepata EACCES (kosa la kukosa ruhusa). Faili ni salama: maandishi yanakwenda kwenye skrini, hayapiti kama yaliyochapwa. Ctrl-L inasafisha.