Mahindi yenye kuvu kwa ng'ombe wa maziwa: je, kuchemsha maziwa kunatosha?

Mfugaji, Nzuguni
Ndugu zangu, habari za kazi. Kiangazi hiki majani ni ya shida, hivyo ng'ombe wangu wanategemea pumba na mashudu ya alizeti. Mahindi tuliyoyachambua nyumbani kwa sababu ya kuvu bado yapo, na jirani ananishauri niwasagie ng'ombe kwa kuwa tumbo lao huhimili. Je, sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na kuvu, hufika kwenye maziwa? Na kama hufika, kuyachemsha kunatosha?

Mtaalamu wa mifugo, Mpwapwa
Ndugu mfugaji, nakusihi usiwape. Ng'ombe akila sumukuvu aina ya B1, ini lake hugeuza sehemu ya sumu hiyo kuwa aina nyingine iitwayo M1, ambayo huanza kuonekana kwenye maziwa ndani ya siku moja. Kwa kawaida ni asilimia 1 hadi 3 tu ya sumu iliyoliwa, lakini ukomo wa Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, nao ni mdogo mno, mikrogramu 0.5 kwa kilo ya maziwa, na ukomo wa Ulaya ni sehemu ya kumi ya huo. Kuchemsha huua vijidudu, ila sumu hii hustahimili moto wa jikoni. Kugandisha nako hakuiondoi, na kwa kuwa M1 hushikamana na protini, kilo ya jibini huwa na sumu nyingi kuliko kilo ya maziwa yaliyoitengeneza. Ukiwaondolea lishe hiyo, sumu hushuka sana katika maziwa ndani ya siku chache.

Muuza maziwa, Kongwa
Niongeze kuhusu mashudu, kwa sababu yanaweza kuwa na sumu bila kuonyesha kuvu kwa macho. Watafiti waliopima maziwa ya ng'ombe wa kaya mkoani Singida waliikuta M1, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2016, mwaka uleule ambao sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara. Nunua mashudu makavu, kidogo kidogo, uyaweke juu ya chaga mbali na ukuta.

Mfugaji, Nzuguni
Nashukuru sana. Basi mahindi hayo niwape kuku?

Mtaalamu wa mifugo, Mpwapwa
Hapana, ndugu yangu. Sumukuvu yenyewe iligunduliwa baada ya bata mzinga zaidi ya 100,000 kufa Uingereza mwaka 1960 kwa kulishwa mashudu ya karanga, na vifaranga wa bata ni dhaifu zaidi mbele yake. Yafukie shimoni, mahali ambapo mifugo haiwezi kufukua.