Kuku waliokufa kwa dalili za mdondo: nipeleke kiungo gani maabara?

Swali: Ndugu wataalamu, kuku wangu wamekufa wakikoroma na kupinda shingo, ingawa walipewa I-2, chanjo ya mdondo (Newcastle). Nipeleke sampuli gani?

Jibu: Pole sana. Peleka koo la hewa, mapafu, bandama na ubongo, kila kimoja katika chombo chake, ndani ya kasha lenye barafu. Usitie formalini (dawa ya kuhifadhi viungo visioze) kamwe, kwa kuwa huua virusi, navyo haviwezi tena kuoteshwa katika mayai yenye viinitete vya siku 9 hadi 11.

Jibu: Naongezea jambo linalosahauliwa mno: I-2 ni chanjo ya virusi hai, hivyo PCR (kipimo cha kutambua vinasaba vya kirusi) inaweza kunasa virusi vya chanjo yenyewe. Omba wasome mfuatano wa jeni F, inayotengeneza protini ambayo kirusi hutumia kuingia katika seli, hasa sehemu ya mahali protini hiyo inapokatwa, ndipo ukali wa kirusi utakapojulikana.