Ushauri: mzee wangu anataka kuokoka dakika za mwisho, mistari gani nimwonyeshe?

Kijana_Mpole
Wakuu, naombeni mawazo, hasa wale mnaoijua Biblia. Wenye kejeli wapite kushoto.

Baba yangu ana miaka 71. Maisha yake yote hakutaka kusikia habari za kanisa, marehemu mama alikuwa anakwenda peke yake. Sasa mzee anaumwa, na madaktari wametuambia turudi naye nyumbani, nadhani mnaelewa maana yake. Sauti imekata, anaongea kwa kunong'ona. Juzi usiku akaniita akaniambia anataka kuokoka. Nilifurahi mpaka machozi.

Shida ni kwamba anasema hawezi kuokoka hivi hivi, kuna mambo anataka kuyaweka sawa kwanza. Mimi naona muda hautoshi. Mtu akiamini si imetosha? Nimeshaongea na mchungaji mmoja aje kesho amwongoze sala ya toba yaishe. Naombeni mistari ya kumwonyesha kwamba imani peke yake inatosha. Anasoma mwenyewe, macho bado mazima.

Msomakimya
Nimekaa siti ya mbele.

Mama_Tumaini
Mwanangu, pole na hongera kwa pamoja. Mzee ameshavuka sabini, ile ya Zaburi 90: miaka yetu ni sabini, na tukiwa na nguvu themanini, na fahari yake ni taabu na ubatili. Zaburi hiyo inaitwa sala ya Musa, na Musa mwenyewe aliishi 120, lakini bado aliyaona maisha kama majani yanayochipuka asubuhi na kukatwa jioni. Msomee Luka 23, yule mhalifu msalabani. Sentensi moja tu, "unikumbuke", na akaahidiwa pepo siku ile ile. Usichelewe, kesho ni mbali.

Fundi_Saa
Uzi huu umenigusa. Kaka yangu alikuwa anasema ataokoka akistaafu. Siku ya kuagwa kazini walimpa Biblia kubwa, ile yenye ncha za karatasi zilizopakwa rangi ya dhahabu. Alipofariki tukaigawa mali, Biblia ikaangukia kwangu. Kuifungua, kurasa zilikuwa bado zimeshikana zile ncha, unazitenganisha moja moja kwa ukucha na zinatoa mlio. Kurasa zote, kuanzia Mwanzo. Mpaka leo ninaisoma hiyo hiyo na nimefika Yeremia, ukurasa mpya ukigoma kufunguka namkumbuka. Samahani nimetoka nje ya mada.

Katekista_Mstaafu
Mleta mada hajasema kama mzee amebatizwa. Hili ni la msingi. Kwetu Wakatoliki, mgonjwa aliye hatarini anaweza kubatizwa na mtu yeyote mwenye nia ya kufanya lifanywalo na Kanisa: maji na maneno ya Utatu, basi. Kwa mtu mzima masharti ni kwamba awe na ufahamu kiasi wa kweli kuu za imani, aonyeshe kwa namna yoyote kwamba anataka, na aahidi kuzishika amri. Kaizari Konstantino mwenyewe alibatizwa mwaka 337, akiwa karibu kufa.

Moto_wa_Juu
Katekista, yule wa msalabani alibatizwa na nani? Kwa maji gani?

Katekista_Mstaafu
Yule alikuwa hana nafasi ya maji. Mwenye nafasi akidharau ni jambo lingine.

Moto_wa_Juu
Warumi 10:9, ukikiri kwa kinywa na kuamini moyoni utaokoka. Hakuna ndoo hapo.

Mzuka_wa_Alfajiri
Basi tena, uzi umekwenda na maji 😂

Hakimu_wa_Kijiwe
Tuwaache hawa na ndoo yao. Kijana_Mpole, umeandika mzee anataka kuyaweka sawa "mambo". Mambo gani?

Kijana_Mpole
Ya kifamilia tu mkuu. Ya zamani. Mama_Tumaini asante, Luka 23 nimeshaiwekea alama.

Hakimu_wa_Kijiwe
Ya kifamilia yapo ya aina nyingi. Mtoto wa nje? Damu ya mtu? Deni? Unaomba dawa na ugonjwa umeuficha.

Bila_Dini
Mimi siamini haya mambo, lakini nina swali. Kama mzee mwenyewe anajua anachotaka, kwa nini wewe unatafuta mistari ya kumbadilisha mawazo? Aliyeomba kuokoka ni yeye.

Moto_wa_Juu
Wewe usiyeamini unatafuta nini jukwaa la imani? Waebrania 9:27 inakuhusu, mtu hufa mara moja, baada ya hapo hukumu.

Bila_Dini
Kufa mara moja tunakubaliana.

Kijana_Mpole
Haya, naona hamtaniacha. Kuna kiwanja. Kilikuwa cha baba mdogo, alifariki watoto wakiwa wadogo sana. Mzee akakisimamia, baadaye akakiandikisha kwa jina lake. Mama mdogo akaondoka na watoto wake. Sasa mzee anataka waitwe, awaombe msamaha na awarudishie. Mimi naona ni kuwatonesha vidonda bure. Wale watoto wamekua, wana maisha yao, hakuna aliyewahi kuuliza.

Hakimu_wa_Kijiwe
Ahaa. Na sasa hivi kiwanja kipo kwa jina la nani?

Mzuka_wa_Alfajiri
Siti ya mbele imejaa, sogeeni.

Kijana_Mpole
Langu. Mzee alinihamishia kabla hajaanza kuumwa. Nimejenga, naishi hapo na familia. Ndiyo maana nasema mambo hayafutiki kirahisi hivyo. Nitawaambia watoto wangu tuhamie wapi? Na kiimani, wokovu ni neema. Waefeso 2:8-9, si kwa matendo, mtu awaye yote asije akajisifu. Huyo wa msalabani alikuwa mnyang'anyi na hakurudisha kitu hata kimoja, akaingia peponi. Kwa nini mzee wangu aongezewe masharti?

Dada_Rehema
Waefeso 2 mnaishia mstari wa 9 kila siku, wa 10 mnauruka. Unasema tuliumbwa katika Kristo tutende matendo mema.

Na yule wa msalabani hakurudisha kwa sababu mikono yake ilikuwa imepigiliwa misumari. Mzee wako mikono yake iko huru. Kama kuna anayempigilia, wewe ndiye umeshika nyundo.

Msomakimya
Duh.

Mama_Tumaini
Mwanangu, nilikupa Luka 23 sikujua haya. Sasa rudi nyuma kidogo, Luka 19. Zakayo hakuambiwa arudishe. Yesu alijialika tu nyumbani kwake, na Zakayo akasimama mwenyewe akasema nusu ya mali kwa maskini, na kama amenyang'anya mtu kwa hila anarudisha mara nne. Ndipo ikasemwa "leo wokovu umefika nyumbani humu". Hakuununua, maana mgeni alishaingia ndani kabla ya ahadi. Lakini ulipoingia ulionekana mfukoni. Baba yako ameguswa pale pale Zakayo alipoguswa, na hakuna aliyemfundisha. Mimi ningemwogopa Mungu kuliko kumzuia.

Katekista_Mstaafu
Hapa naungana na Mama. Hata kwenye kitubio chetu, aliyeiba hutakiwa kurudisha kama anaweza. Na torati ilikuwa kali, Hesabu sura ya 5: aungame, arudishe kamili, aongeze na sehemu ya tano.

Moto_wa_Juu
Leo nakubaliana na Katekista. Iandikwe.

Mkongwe_wa_Mtaa
Tatizo la vijana wa sasa mnataka urithi wazee wakiwa bado wanapumua. Enzi zetu mtu alikuwa anaogopa hata kiatu cha baba yake. Huyo mchungaji naye anakuja kumwombea mtu bila kuuliza? Watumishi wa kweli wameisha.

Mzuka_wa_Alfajiri
Mzee anaokoka, mtoto anapotea. Idadi ya mbinguni inabaki palepale.

Kijana_Mpole
Mnahukumu kirahisi kwa sababu nyumba si yenu. Mchungaji hajui habari ya kiwanja, nimemwomba tu asimchoshe mzee kwa maswali, afanye sala fupi. Na simu ya mzee nimeichukua kwa ajili yake, apumzike, maana alishaanza kuwasiliana na mtoto mkubwa wa baba mdogo. Mtu yuko kwenye siku zake za mwisho, anahitaji amani, si kikao cha ukoo.

Bila_Dini
Umemnyang'anya simu baba yako anayekufa. Nimesoma vizuri?

Kinara
Ngojeni kwanza. Hii ni CHAI.

Angalieni. Mwanzo mzee sauti imekata, ananong'ona. Sasa ghafla anapiga simu kwa mtoto wa marehemu ndugu yake? Akaunti nayo ni mpya, huu ndio uzi wake wa kwanza. Halafu kila kitu kimepangika: mgonjwa, toba, kiwanja cha yatima, Zakayo kasubiri mlangoni. Haya ni mahubiri yamevalishwa nguo za ushauri. Kuna mtumishi huko anapima mahubiri ya Jumapili kwetu.

Mzuka_wa_Alfajiri
Kinara 🔥🔥 nilikuwa nahisi harufu.

Fundi_Saa
Hata mimi nilianza kushtuka. Mfano wa aina hii niliusikia kwenye mkutano wa injili, ila kule ilikuwa shamba, na mtoto alikuwa wa kike.

Mkongwe_wa_Mtaa
Mimi nilijua tangu mwanzo.

Hakimu_wa_Kijiwe
Mkongwe, ulijua na ukatumwagia enzi zenu zote?

Dada_Rehema
Kinara, mhubiri angejifanya yule mtoto mzuri. Huyu anajitetea kwenye kila komenti na kila komenti inamharibia. Nani anatunga hadithi ya kujiaibisha hivi?

Kinara
Anayejua kutunga.

Bila_Dini
Iwe chai au isiwe, hoja iko palepale. Mtu akijua ana wiki chache, anachokitaka ndicho alichokuwa anakijua siku zote. Hilo halihitaji imani.

Moto_wa_Juu
Linahitaji, ndugu yangu, wewe tu hujakubali kuliita hivyo. Na mkumbuke kisa cha tajiri aliyetaka kubomoa maghala ajenge makubwa zaidi, Luka 12. Wote tunaanzia kwenye maghala. Rudini mistari mitatu nyuma: kuna mtu kwenye mkutano alisema, "Mwalimu, mwambie ndugu yangu anigawie urithi wetu." Mfano wote ulianzia kwenye ugomvi wa urithi! Na Yesu akakataa kuwa mgawanyi, akawaambia wajilinde na choyo. Usiku ule ule tajiri akatakiwa roho yake, na vile alivyojiwekea akaulizwa vitakuwa vya nani.

Msomakimya
Hilo la urithi nilikuwa sijawahi kuliona, na nimesikia mahubiri ya maghala tangu utotoni.

Kijana_Mpole
Kinara, sina faida ya kutunga. Hakupiga simu, aliandika meseji. Vidole vinafanya kazi. Aliandika "njoo na mama yako, nina neno", na mwenzake akajibu kwamba watakuja. Ndipo nikaichukua simu. Na akaunti ni mpya kwa sababu ya zamani ndugu zangu wanaijua. Mnataka niweke picha ya mzee kitandani ndiyo mniamini?

Mama_Tumaini
Usiweke picha yoyote. Mrudishie simu yake.

Kinara
Meseji inawezekana. Ila nabaki na shaka yangu kidogo.

Katekista_Mstaafu
Kijana, nikuulize kwa upole. Mzee akifa kesho ameshasali sala ile fupi, na hao watu wakaja msibani wakiwa na ile meseji kwenye simu yao, utawaambia neno lilikuwa nini?

Kijana_Mpole
Sijui.

Ila niwaulize kitu, hasa wenye uelewa. Nikimrudishia simu, wakaja, akaomba msamaha na wao wakamsamehe. Lakini hati iko kwa jina langu na mimi sijasaini kitu. Kwa Mungu, toba yake yeye inahesabika, si ndiyo? Upande wake anakuwa amemaliza?

Hakimu_wa_Kijiwe
Saa zote hizi ndilo ulilokuwa unataka kuuliza.

Dada_Rehema
Yeye atakuwa amemaliza. Deni litakuwa limehamia jina lako, kama hati.

Moto_wa_Juu
Na wewe una miaka mingapi, mkuu? Maana naona hesabu ya sabini tunampigia mzee peke yake.

Mzuka_wa_Alfajiri
Admini, huu uzi uhamishiwe jukwaa la sheria, ila komenti za ndoo zibaki huku.

Kijana_Mpole
Mchungaji amepiga, anauliza aje saa ngapi. Sijampa jibu bado.