Naomba ushauri: nati za paipu za breki, Land Rover Series III

Wakuu, habari za leo. Nipo Tanga, nafufua Land Rover Series III ya 1974. Bodi ni alumini, bado ipo vizuri, ila paipu za breki zimeliwa na kutu, si mnajua chumvi ya huku pwani. Kinachonisumbua ni nati zake: za inchi, 3/8 UNF (aina ya meno membamba), meno 24 kwa inchi. Kila duka Ngamiani wananipa M10, yaani za milimita 10, za Toyota. Ukiifunga inashika kidogo halafu inakwama, na fundi ananiambia "kaza tu, itaingia". Kwenye breki? Thubutu!

Kuna anayejua duka Gerezani, Dar, lenye za inchi? Za kuchongesha nazo mnaziamini? Na mwenye kifaa cha kutanua mdomo wa paipu, nakikodi.