Mafundi wa rufu za magari, kubandika kitambaa kipya juu ya sponji iliyooza ni wizi mtupu

Wakuu habari za saa hizi, leo nina hasira sijui hata nianzie wapi. Nina pikapu ya zamani, injini nzima, chesisi haina kutu, shida ilikuwa rufu ya ndani tu, kitambaa kimeachia kinagusa kichwa, ukishusha vioo kinapepea huoni hata nyuma. Nikampelekea fundi, kajinadi weee, ooh hizi ndo kazi zangu bosi, utaikuta mpya. Na kweli ilikuwa mpya, kwa macho. Jua kali la kwanza tu katikati pakafanya puto, puto likazaa maputo, sasa hivi tumerudi pale pale ila na madoa ya gundi juu yake.

Nikaishusha mwenyewe nione kuna nini. Jamani!! Kitambaa cha zamani alikivua sawa, lakini sponji yake yote kaiacha kwenye bodi (lile bao jepesi la rufu linalobandikwa kitambaa, sio bodi ya gari), ile imeshaoza imekuwa unga wa rangi ya chungwa, ukipitisha kidole unabaki na unga. Jamaa kapuliza gundi juu ya huo unga akabandika! Gundi imeshika unga, unga haujashika kitu.

Na msiniletee habari za jua maana ndo jibu nililopewa kwenye simu, "bosi unaipaki juani". Sasa gari nilipaki chumbani? Kitambaa cha kiwandani kilipigwa na jua hilo hilo miaka na miaka. Kazi yenyewe wala sio siri, unashusha bodi, unasugua kwa brashi ngumu mpaka sponji yote iishe, unafuta vumbi, ndo unapuliza gundi ya kuhimili joto kwenye bodi NA mgongoni kwa kitambaa, unasubiri ianze kunata, unalaza nusu kwanza halafu nusu nyingine, unatoa hewa kuanzia katikati kwenda pembeni. Sehemu kubwa ni huko kusugua, kunachosha, vumbi linakujaa puani, ndo maana hatua hiyo wanairuka halafu bili wanakupa nzima.

Halafu kitambaa chenyewe! Cha rufu kinakuja na sponji nyembamba mgongoni, yeye kaweka kitupu kama cha pazia, gundi ikapenya ikatokea upande wa pili, hayo ndo madoa niliyosema.

Bado bodi. Kwa kawaida unafungua vishikio, vibao vya kuzuia jua, taa, plastiki za nguzoni (zile nguzo za pembeni mwa vioo zinazobeba rufu), ndo unaitoa taratibu mlangoni bila kuilazimisha. Huyu kaikunja, ina mstari katikati kutoka upande mmoja hadi mwingine na kona ya taa imepasuka. Klipsi za nguzo kazivunja, akaona dawa ni kupiga skrubu juu ya plastiki waziwazi, tena za saizi tofauti, moja imekaa upande. Taa ya ndani haiwaki, waya umebanwa na bodi. Nikimpigia sasa hivi simu inaita tu.

Simrudishii gari, akiliona tena labda kwa picha. Naomba waliowahi kufanya hii kazi, bodi iliyokunjika hivi nikipaka faiba na rezini kwa upande wa juu itarudi kukaza au nianze kuzunguka kwa watu wa skrepa nitafute nyingine? Na nyie mliopigwa kama mimi wekeni picha hapa.