Ushauri: COUCH na COACH si kitu kimoja?

Mzawa wa Pasua
Wakuu, salamu kutoka Moshi. Kuna jamaa yangu anabishana na watu kuhusu neno la Kiingereza COUCH. Linafaa kwa basi? Naomba maana na asili yake, ni haraka kidogo.

Mwl Sakina
COUCH ni kochi, mkuu, hilo hilo la sebuleni. Waingereza walilitoa kwa Wafaransa, couche, kitanda. Mzizi ni Kilatini collocare, kuweka mahali. Basi ni COACH, na hilo lilizaliwa Hungaria, kijiji cha Kocs, kilichosifika karne ya 15 kwa magari ya farasi. Gari likaitwa kocsi, yaani "la Kocs". Wajerumani wakasema Kutsche, Wafaransa coche, Waingereza wakalipokea karne ya 16. Hayana undugu hata wa mbali. Hata kutamka: la basi ni "kouch", la sebuleni ni "kauch".

Kibo Upepo
Na kocha wa mpira alipandaje gari la farasi?

Mwl Sakina
Wanafunzi wa Oxford, miaka ya 1830. Mwalimu wa kukunoa kwa mtihani walimwita coach kwa utani, kwamba anakubeba mpaka unafika. Michezoni likaingia miaka ya 1860. Sisi tukachukua yote mawili, kocha na kochi, tukayatenga kwa irabu ya mwisho. Hapo tumewazidi akili.

Fundi Majengo
Mzawa, jamaa anabishana tu au ameshaandika mahali?

Mzawa wa Pasua
Ameandika. Yaani, nimeandika. Coaster, ubavuni, stika nyekundu, herufi za sentimita 30: EXPRESS COUCH. Pande zote mbili, na fundi ameshalipwa. Ila nikifikiria, abiria si wanakaa? Viti vina sponji mpya. Mtu atajua ni starehe.

Kibo Upepo
Mtalii atauliza bei ya seti nzima na meza ya kati 😂

Dereva wa Himo
Andika BASI, yaishe. Nalo ni mkia wa omnibus, Kilatini "kwa ajili ya wote"; kichwa walikikata. Hiyo coach yenyewe, kwenye ndege za Marekani ni daraja la bei ya chini.

Mama Kihamba
Mnabandika kwanza, mnauliza baadaye. Hata kadi ya harusi huwa inasomwa na watu wawili kabla ya kuchapwa.

Kibo Upepo
Ngoja. Mara jamaa, mara wewe. Picha hakuna. Hii chai, tena haina sukari.

Mzawa wa Pasua
Picha siweki, namba ya gari itaonekana. Ubavu wa kushoto, chini ya U, kuna kiputo cha hewa cha ukubwa wa sarafu ya mia mbili. Mtunga chai angekumbuka kiputo?

Fundi Majengo
Kiputo kimemtetea. Sasa sikia: herufi ni tano kwa tano, inabadilika ya tatu tu. Agiza A mbili za stika ile ile, urefu ule ule. Pasha U kwa draya ya nywele mpaka ilainike, anza kona ya juu, vuta polepole huku umeilaza karibu na bati. Ukivuta wima, gundi inabaki na rangi inaweza kung'oka. Mabaki futa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, kisha osha kwa sabuni na ukaushe; mafuta yakibaki, A haishiki. Nyunyiza maji yenye tone la sabuni, weka A, isogeze ikae sawa, sukuma maji kwa kadi ya plastiki kutoka katikati kwenda nje. A ni nyembamba juu, kwa hiyo pima nafasi kwa miguu yake. Usifanye juani, bati likiwa la moto stika inanata kabla hujainyoosha.

Kibo Upepo
Au geuza U kichwa chini, uweke mstari katikati.

Mzawa wa Pasua
Nimebandua ya kushoto. O imekuja nayo.

Fundi Majengo
Ulivuta wima. Agiza na O.