Naomba ushauri: picha inang'aa kwangu, ikifika kwenye projekta ya klabu inapauka

Shata250

Wakuu, habari za leo. Shindano lijalo la klabu yetu linafungwa Jumapili usiku, na sitaki yanikute tena ya duru iliyopita.

Niliwasilisha picha ya wima ya mdiria anachomoka majini, samaki mdomoni. Kwenye kompyuta yangu bluu ya mgongo na rangi ya chungwa ya kifua zilikuwa zinawaka. Ilipoonyeshwa ukumbini nilishtuka. Rangi zimepauka, manyoya kama unayatazama nyuma ya kioo chenye ukungu, na sehemu yote ya chini yenye kivuli imekuwa nyeusi tii. Jaji akasema fokasi imekosewa kidogo. Haikukosewa! Faili la RAW (lile ghafi la kamera) ninalo, unaweza kuhesabu unyoya mmoja mmoja. Niliumia sana.

Kanuni za klabu: faili la JPEG, rangi za sRGB (mfumo wa rangi wa kawaida wa skrini), upana usizidi pikseli 1600, kimo kisizidi 1200. Mimi nilifuta kijiti kimoja kilichokuwa kinakera kwa Photoshop, nikarudi Lightroom (zote mbili programu za kuhariri picha), nikatoa picha kwa upande mrefu pikseli 1600, dpi 300, ubora 100, nikamtumia katibu wa mashindano kwa WhatsApp. Safari hii nataka kupeleka fremu nyingine ya ndege huyohuyo. Nimekosea wapi?

Bi_Mwanga

Pole mwanangu. Nimepokea picha za mashindano kwa miaka kadhaa, na haya yako nimeyaona mara nyingi.

La kwanza ni WhatsApp. Ukituma kama picha, inaibana upya, na hapo unyoya ndio huanza kupotea. Ukilazimika kuitumia, tuma kama hati. Barua pepe au fomu ya klabu ni bora zaidi.

La pili ni vipimo. Picha yako ni ya wima, kwa hiyo upande mrefu ndio kimo. Ulipoandika 1600 ukawa umevuka kikomo kwa pikseli 400. Kuna klabu zingeirudisha hapohapo. Yenu inaelekea iliipokea, programu ya kuonyeshea ikaishusha yenyewe hadi 1200. Programu haijui kwamba manyoya ndiyo roho ya picha. Inapunguza tu, na ule ukali ulioutengeneza unamezwa.

Kwenye Lightroom chagua "Width & Height", andika 1600 na 1200. Usichague "Dimensions" ukidhani ni kitu kilekile, maana hiyo huzipindua namba kufuata mkao wa picha, na ya wima itatoka tena na kimo cha 1600.

Fremu_Moja

Mkuu, mimi naona tatizo ni hiyo dpi 300. Projekta inataka 72. Ndivyo nilivyofundishwa.

Kivuli_Kirefu

Fremu_Moja, wengi tulifundishwa hivyo, lakini jaribu hivi: toa picha ileile mara mbili kwa 1600 kwa 1200, moja dpi 72, nyingine 300. Hesabu pikseli. Ni zilezile, na kwenye skrini hutaona tofauti yoyote. Namba hiyo inaiambia printa itandaze pikseli ngapi katika kila inchi ya karatasi. Projekta haina karatasi.

Shata250, hebu angalia kitu kimoja. Kwenye dirisha la kutolea picha, sehemu ya rangi imeandikwa nini?

Shata250

Nimeangalia sasa hivi. Imeandikwa Adobe RGB (1998). Nakumbuka niliiweka nilipokuwa naandaa picha za kuchapa, sikuirudisha.

Kivuli_Kirefu

Basi mpaushaji tumempata.

Adobe RGB ni kapu pana kuliko sRGB. Kwa kuwa ni pana, rangi ileile ya chungwa huandikwa humo kwa namba za upole zaidi. Programu inayosoma profaili (maelezo ndani ya faili yanayotaja mfumo wake wa rangi) inaelewa na kuionyesha sawasawa, ndiyo maana kwako iliwaka. Programu isiyosoma profaili inazichukua namba zile kana kwamba ni za sRGB, na rangi inanyong'onyea. Watu wa simu nao wajihadhari: iPhone za miaka ya karibuni hupiga kwa Display P3, nayo ni pana kuliko sRGB, na mara nyingi faili lenyewe ni HEIC wala si JPEG.

Wewe weka sRGB tu pale Lightroom. Anayemalizia Photoshop atumie "Convert to Profile", asiguse "Assign Profile". Ya kwanza inabadilisha namba ili rangi ibaki ilivyo. Ya pili inaacha namba na kubandika jina jingine juu yake, kwa hiyo rangi ndiyo inayobadilika.

Kuhusu giza la chini, skrini yako umeiweka mwanga kiasi gani?

Shata250

Juu kabisa mkuu. Sijawahi kuishusha.

Kivuli_Kirefu

Ishushe. Skrini inayowaka sana inakudanganya kwamba kivulini kuna maelezo ya kutosha, unaacha picha ikiwa na giza, na projekta inalimalizia. Mwenye kifaa cha kupimia huiweka kati ya cd/m² (kipimo cha mwanga wa skrini) 80 na 120, joto la rangi 6500K, gama 2.2. Kama huna, shusha hadi ukurasa mweupe kwenye skrini ulingane na karatasi nyeupe uliyoishika pembeni chini ya taa ya chumba. Si kipimo cha kisayansi, lakini kitakutoa kwenye kosa kubwa. Kisha itazame istogramu (grafu ya mwanga wa picha, giza likiwa kushoto). Ikiwa imerundikana yote kushoto, picha ina giza, jicho lako liseme lisemavyo.

Na kunoa (kuongeza ukali wa picha) kuwe hatua ya mwisho, baada ya kupunguza ukubwa. Itazame kwa asilimia 100. Ukiona uzi mweupe umezunguka mdomo wa ndege, umezidisha, rudi nyuma.

Bi_Mwanga

Yote ni kweli, ila kuna jambo limenikaa moyoni tangu nisome uzi huu. Mwanangu, ulisema ulifuta kijiti. Picha unaipeleka kundi gani?

Shata250

Asili, mama. Kwani kuna shida?

Bi_Mwanga

Ipo, na ni kubwa kuliko hayo ya pikseli. Tafsiri ya picha za asili ambayo FIAP (shirikisho la kimataifa la upigaji picha), PSA (chama cha Marekani) na RPS (chama cha Uingereza) waliikubali kwa pamoja, ikaanza kutumika mwaka 2015, inakataza kuongeza, kuhamisha, kubadilisha au kuondoa kitu chochote kwenye picha, isipokuwa kwa kukata kingo. Doa la vumbi la sensa unafuta, chembechembe zinazoletwa na kamera unapunguza. Kijiti kilikuwepo pale mtoni, basi kinabaki. Klabu nyingi zinafuata tafsiri hiyo, kwa hiyo soma kanuni za kwenu neno kwa neno. Na usifute faili la RAW, linaweza kuombwa kama ushahidi.

Una njia mbili. Peleka kundi la wazi, ambako kufuta kunaruhusiwa, au rudi kwenye RAW na ukate fremu mpaka kijiti kitoke nje.

Shata250

Nashukuru sana mama, sikujua kabisa. Bahati nzuri kwenye fremu hii mpya kijiti kipo ukingoni kulia. Nimeanza upya kutoka RAW, nimekata, kijiti kimetoka, mkia wote umebaki. Imetoka pikseli 900 kwa 1200, sRGB. Skrini nimeishusha karibu nusu, na nilipoifungua picha ya duru iliyopita nikaona kwa macho yangu jinsi ilivyokuwa na giza. Kivuli nimekiinua kidogo, nikanoa mwisho. Faili nimeliita jina langu na namba 1. Nitume?

Bi_Mwanga

900 kwa 1200 ni sawa, usiivute ijaze upana. Jina la faili subiri kwanza. Klabu nyingi huonyesha picha bila jaji kujua ni ya nani, kwa hiyo kanuni huelekeza liandikwe jina la picha peke yake, au namba ya uanachama. Angalia yenu inasemaje. Na kama una sahihi yako pale kona ya chini, itoe.

Shata250

Ilikuwepo kweli, nimeitoa. Jina nimebadilisha kama kanuni inavyotaka. Nimetuma kwa barua pepe, katibu amejibu kwamba faili limefunguka na vipimo viko sawa. Onyesho ni Alhamisi, nitaketi safu ya mbele.